Panya wa Upande wa Kulia

Ifakara,
Jumatatu, 2 Machi 1998

Mke wangu mpendwa Mama Beno,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, isipokuwa kitambi, ambacho kimekosa ugali wako majuma mawili na bado hakitaki kukonda. Sijui kinakula wapi.

Kazi nimeanza. Dokta Maximilian, yule mtoto wa Mahenge aliyesomea Ulaya, amepanga nyumba ya bati nyuma ya karakana ya mbao na kuijaza panya. Si hawa wetu wa kula mbegu. Hawa ni weupe kama pamba, macho mekundu kama walevi wa ulanzi. Anachunguza ugonjwa wa huzuni, anauita sonona. Usicheke. Anasema mtu anaweza kupoteza hamu ya maisha bila kufiwa na yeyote, kwa vijikero vidogo vidogo tu, mradi visikome. Sasa panya wa upande wa kushoto wanaachwa wale raha. Wa upande wa kulia wanachokozwa kila siku, tuone wataishia wapi, ndipo dawa zijaribiwe.

Na mchokozi mkuu, mke wangu, ni mimi. Miaka yote ya ndoa yetu umekuwa ukisema nina kipaji cha kuudhi. Hatimaye kipaji kimepata mwajiri.

Lakini huko Chita usitaje panya. Baba yako akiuliza, sema niko maabara na daktari. Juzi Fulgensi wa treni, huyu anayetubebea barua, aliniita "Dokta Frido" mbele ya watu, nami sikuona sababu ya kumkatiza mtu akiwa katikati ya sentensi.

Najua mwaka jana tulilinda mpunga wawili, na mwaka huu umeshuka bondeni peke yako. Vumilia kidogo. Nimemtuma Balbina wa shangazi akae nawe, anaongea kama redio lakini ana moyo mzuri. Nami nakuja Jumamosi ya tarehe 14, nitaezeka upya dungu la kulindia ndege, usinyeshewe huko juu. Nisubiri stesheni.

Mumeo,
Fridolin


Bondeni, Chita,
17 Machi 1998

Kwako Baba Beno,

Barua yako ilifika, nikacheka mpaka Balbina akaniuliza nimepata nini. Kweli huyo Dokta kaona mbali. Angeniuliza mimi, ningempa barua ya kukupendekeza.

Jumamosi nilipanda kutoka bondeni hadi stesheni, nikakaa mpaka treni ikapita. Nilikuwa nimeoga na kuvaa lile gauni la kijani. Dada Ursula alinipa viwili vilivyoungua katika vitumbua vyake vya kuuza, akasema vya mtu anayesubiri ndivyo hivyo. Niliporudi, nguruwe walikuwa wameingia upande wa mtoni.

Dungu linavuja kichwani. Nikigeuka linavuja miguuni. Naona lina adabu, halibagui. Majirani hawajashuka mwaka huu, kina Theresia wote wameogopa maji, kwa hiyo hata moshi wa mtu mwingine siuoni. Balbina nimemzoea. Tunapiga madebe tukiimba za kwaya, naona ndege hawa kwelea wanajifunza sauti ya pili.

Ukija lete kamba na nailoni ya paa. Na niambie siku ya kweli, Baba Beno. Nikijua siku, naweza hata kama ni mbali.

Mkeo,
Kandida


Ifakara,
Jumanne, 24 Machi 1998

Mpenzi wangu Mama Beno,

Nisamehe ile Jumamosi. Dokta alibadili ratiba Ijumaa jioni, nikashindwa hata kumtuma mtu. Gauni la kijani limeniuma rohoni. Nalijua.

Acha nikueleze kazi, upate picha ya mumeo akiwa ofisini. Leo namwagia maji maranda wanayolalia, wakae na unyevu. Kesho nainamisha kizimba, wawe wanateleza kama watu wa Uchindile wakati wa masika. Siku nyingine namtoa mmoja kwa wenzake nikamwingiza kwa wageni, na akishawazoea namtoa tena. Taa nawasha, nazima, wasijue mchana ni upi. Hakuna kinachoumiza hata kidogo, ndiyo maana mwanzoni niliona ni kazi ya kitoto. Siri, anasema Dokta, ni kwamba ratiba isijulikane. Mnyama akijua shida inakuja lini, anajipanga. Asipojua, hapo ndipo anapochoka.

Kisha tunawapima kwa chupa mbili, moja ya maji matupu, moja ya maji ya sukari. Panya mwenye raha zake hukimbilia sukari kama wewe ulivyokuwa msichana. Siku anapofika mahali zote mbili ni sawa kwake, Dokta anaandika jina la kizimba na kusema, "Huyu tayari." Mimi najiona kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu. Ni aibu kusema, lakini ndivyo.

Sasa mambo ya nyumbani. Shangazi anamhitaji Balbina, kwa hiyo mpakie treni ya Ijumaa. Usijali, Dorotea atakuja mahali pake. Najua hamuelewani tangu ile harusi, lakini mtazoeana. Pili, Viktor mdogo wangu amelima kipande karibu na mto. Lihamishie dungu pale katikati, upate kulinda vyote viwili. Tatu, ile taa ya chemli mpe Fulgensi aniletee, jenereta yetu imekufa na panya wa watu hawawezi kukaa gizani bila ratiba.

Nakutumia sukari mfuko mzima, ile ya Kilombero. Pasaka nakuja. Hii ni ahadi ya mtu mzima mwenye mvi.

Wako,
Fridolin


Bondeni, Chita,
6 Aprili 1998

Kwako Baba Beno,

Taa nimempa Fulgensi. Balbina ameondoka. Dorotea alikuja, akakaa siku chache, akarudi. Anasema maji yanamtisha.

Dungu nimelihamisha. Upande huu maji yanafika kwenye ngazi.

Sukari imefika. Pasaka sawa.

Mama Beno


Ifakara,
Jumanne, 14 Aprili 1998

Mama Beno wangu,

Heri ya Pasaka, japo imechelewa kama mtumaji wake. Usinipige. Ijumaa Kuu ile ile Dokta alipata mgeni kutoka Ulaya, mzee mrefu mwenye soksi hadi magotini, akataka kuona vizimba vyote. Nani mwingine angemwonyesha? Nilisimama naye siku nzima, akaniita "my colleague", yaani mwenzake wa kazi. Fulgensi anasema hilo ni kubwa kuliko Dokta.

Nimefurahi dungu umelihamisha. Viktor amepita hapa, anashukuru sana. Sasa wakati mpunga unajaza, nakuomba jambo moja. Nasikia Jumapili unapanda Chita kusali na kushinda kwa Ursula. Sali, ndiyo, lakini kwa mwezi huu hebu salia huko huko bondeni. Kwelea si Wakatoliki, hawajui Jumapili. Tukiupata mpunga huu, Beno atalipiwa shule yake ya bweni bila kuuza kitu.

Panya wangu wa upande wa kulia wametulia. Wale waliokuwa wakining'ata vidole siku za kwanza, sasa nawainua kwa mkia wananitazama tu. Dokta anachekelea. Nikamwambia hata mke wangu siku hizi amekuwa mpole, barua zake za mistari mitatu, hadai, halaumu. Nakushukuru kwa hilo. Wanaume wengine hapa barua za wake zao wanazifungua wamekaa chini.

Nitakuja mwishoni mwa mwezi, au mwanzoni mwa ujao.

Mumeo,
Fridolin


Chita,
Jumamosi, 2 Mei 1998

Shemeji Dokta,

Nakuita hivyo kwa sababu baba ndivyo anavyokuita, siyo kwamba najua unamtibu nani.

Kandida hakuonekana kanisani Jumapili mbili. Nikafunga vitumbua vyangu, nikashuka bondeni na kopo la chai na ile sukari aliyokuwa ameniachia nimtunzie isilowe. Maji mpaka hapa kwenye goti. Nikafika chini ya dungu, naona kwelea wametanda juu ya mpunga kama moshi, wanakula, wanaruka, wanashuka tena. Nikajua dungu halina mtu. Kumbe yupo. Amekaa, kombeo kwenye mapaja, anawatazama.

Nikamwita, "Kandida, huwaoni?"

Akasema, "Nawaona, dada."

"Sasa mbona huwafukuzi?"

"Watarudi."

Nikapiga debe mimi, nikapiga kelele mimi, mtu mzima na kifua changu hiki. Nguo yake ilikuwa mbichi mwilini, shemeji, na nyingine kavu ilikuwapo kwenye mfuko pale pembeni. Hakuwa na homa, nilimshika. Nikamkorogea chai. Huyu ndiye aliyekuwa akiramba sukari mpaka mama akaficha kopo juu ya dari, wewe mwenyewe ulimtania siku ya posa. Nikamtilia vijiko vinne, akanywa. Nikamtilia kikombe cha pili, kwa haraka yangu nikasahau sukari, akanywa vile vile. Nikamwambia nisamehe, mdogo wangu, hicho kilikuwa kichungu. Akasema, "Zote chai tu, dada."

Nimempandisha nyumbani kwangu. Analala, anaamka, anakaa. Mganga wa zahanati amempa vidonge vya kuongeza damu. Sitaki kelele. Lakini nataka uniambie wewe uliyesoma, mke wako ana nini?

Usipande treni. Yuko kwao sasa, na unajua utaratibu wetu. Mume anakuja akiitwa.

Ursula


Ifakara,
Jumanne, 5 Mei 1998

Shemeji Ursula, shikamoo,

Najua ni wewe unayeniamkia kwa kawaida. Leo pokea tu.

Fulgensi alinipa barua yako nikiwa katikati ya vizimba, chupa mkononi. Nikaisoma nimesimama. Nilipofika kwenye vile vikombe viwili vya chai nikakaa chini, sakafuni, kwenye maranda niliyokuwa nimeyalowesha mwenyewe. Hukujua ulichokuwa unaandika. Kipimo chetu ndicho hicho hicho, shemeji. Chupa mbili. Umekifanya bila kujua, kwa upendo, chini ya dungu, na umepata jibu ambalo sisi humu ndani tunalishangilia.

Unaniuliza mimi niliyesoma. Sijasoma. Mimi si daktari wala msaidizi wa daktari. Mimi ndiye ninayewamwagia panya maji. Nilimwacha baba aamini vingine kwa sababu nilipenda jinsi alivyokuwa akinivutia kiti.

Nilirudi nyumbani nikazitafuta barua nilizomwandikia Kandida. Hazipo, bila shaka, anazo yeye. Lakini nazikumbuka. Mwenzake aliyemzoea nikamwondoa. Asiyempenda nikamletea. Makao nikayahamisha. Taa nikaichukua. Siku nikamwambia, nikambadilishia, nikamwambia tena, mpaka Jumapili yake nikamnyima. Na kila moja niliifunga kwa mzaha, nikaona nimekuwa mume mchangamfu.

Nikamweleza Dokta. Akavua miwani, akaifuta. Akasema watu si panya, Frido, mlete mkeo hospitali aonwe. Kisha akaniuliza taratibu, "Hayo uliyokuwa ukimfanyia, ulikuwa unafuata ratiba yangu?"

Nikamwambia, "Hapana, Dokta. Hiyo ilikuwa ratiba yangu mwenyewe."

Nimezoea kuomba radhi kwa utani, shemeji. Tangu jana nautafuta mmoja, siuoni. Niambie tu niitwe lini.

Fridolin


Chita,
Jumanne, 12 Mei 1998

Shemeji,

Umeitwa. Jumapili hii, kwa baba, baada ya misa. Lakini sikiliza, mambo hayako unavyofikiri.

Baba ameshuka bondeni mwenyewe akauona mpunga. Nusu umekwisha, na kile kipande cha Viktor kimebaki mabua. Amerudi kimya, jioni ile ile akamwita Mjomba Polycarp. Wamekubaliana kwamba mtoto wao amewaaibisha mbele ya mkwe. Mume yuko kazini kwa madaktari, hampigi, hamtukani, anatuma sukari kwa mfuko, na mwanamke anakaa anawatazama ndege. Baba ametafuta jogoo mwekundu. Hukuitwa ushitakiwe. Umeitwa uombwe radhi, kisha ukabidhiwe mkeo, urudi naye bondeni mkaokoe kilichobaki.

Kandida nimemwambia. Akasema, "Sawa." Basi. Nilitamani anitukane.

Mimi nimesema nikanyamazishwa, nimeambiwa mjane asifundishe watu ndoa. Barua yako sikuwaonyesha. Hiyo ni ya kwako kuisema kwa mdomo wako, ukiweza. Usipoweza, utaondoka na jogoo na mke, na mimi sitakusalimu tena mpaka nife.

Ursula


Bondeni, Chita,
Jumatano, 20 Mei 1998

Kandida,

Nakuandikia nikiwa dunguni. Ursula atakuletea. Hukuwapo kikaoni, na najua Chita inavyosimulia, kesho utasikia kwamba nililia, keshokutwa kwamba nilikunya. Bora uisikie kwangu.

Nilikuta kiti kimewekwa. Kile cha mkono, cha Baba Padri akija. Jogoo amefungwa mguu chini ya kiti cha baba, mkubwa, mwenye afya kuliko mimi. Walikuwapo baba, Mjomba Polycarp, shangazi yako Oliva, na mama amekaa mkekani kule pembeni akichambua mchele. Nikaamkia, nikakaa chini. Baba akasema, "Dokta, kiti hicho." Nikasema hapa panatosha.

Baba akaanza. Akasema mtoto wao amekosa, wazazi hawamfichi mtoto mwenye kosa, na akainama kumfungua jogoo. Nikasema, "Baba, subiri. Mwenye kosa ni mimi."

Wakatazamana. Mjomba akachukua kesi, unamjua alivyo.

"Ulimpiga?"

"Hapana, mjomba."

"Ulimtukana? Ulimtukania wazazi?"

"Hapana."

"Una mwanamke huko Ifakara?"

"Mjomba, nitazame vizuri kabla hujaniuliza hilo."

Shangazi Oliva akacheka. Nikajichukia. Nilikuwa nimejiapiza nisitanie, na neno limenitoka kama kikohozi.

"Ulimnyima matumizi?"

"Nilimtumia sukari."

"Sukari!" Mjomba akawageukia wenzake. "Jamani, mimi nimeoa miaka arobaini sijawahi kutuma sukari. Huyu tumpe kesi gani? Tumshitaki kwa utamu?"

Wakacheka wote, na baba akamshika jogoo kwa mabawa akanyoosha mikono kunipa. Kandida, nilikuwa na sekunde moja. Ningeweza kumpokea. Kila mtu pale alitaka nimpokee. Hata magoti yangu yalitaka, yalikuwa yameanza kuuma.

Nikawaambia mimi si daktari.

Nikawaeleza panya. Nikaeleza maranda, kizimba kinachoinama, mgeni anayeletwa na mwenzake anayeondolewa, taa. Mjomba akauliza, "Yaani unalipwa kuwaudhi panya?" Nikasema ndiyo. "Kila siku?" Ndiyo. "Na shahada yake inachukua miaka mingapi?" Hapo shangazi Oliva alilala mkekani kabisa, akashika ubavu, anaomba maji. Baba hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kiti kitupu. Nadhani alikuwa anakumbuka watu wote aliowaambia.

Nikasubiri wamalize. Kisha nikasema, "Sasa sikilizeni niliyomfanyia Kandida," na nikayasema yote kama nilivyomwandikia Ursula, na ile Jumamosi ya gauni la kijani, na Pasaka. Nilisema tangu Machi ulikuwa unanisubiri kwenye kila treni, nami nikausifu upole wako. Nilisema panya tunampima kwa sukari, na mtoto wenu amepimwa na dada yake, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo, bila kumgusa hata kwa ukucha.

Mjomba akakohoa. Akasema, "Haya, tumesikia. Lakini mwanangu, kila mwanamke wa bonde hili analoa. Analinda, analoa, anasubiri mume. Ndiyo kilimo. Mama wa huyu Kandida hakuloa?"

Mama yako akasema, bila kuinua kichwa kutoka kwenye ungo, "Aliloa."

"Aliloa sana," akasema. "Hakuna aliyemuuliza." Akaendelea kuchambua.

Sijawahi kusikia mchele ukianguka kwenye ungo kwa sauti kubwa namna ile. Baba alikaa na jogoo mapajani, akawa anamlainisha manyoya kama mtoto. Baada ya muda akamfunga tena mguu, chini ya kiti chake mwenyewe, akasema kwa sauti ndogo, "Kandida atakaa kwa dada yake mpaka mwenyewe aseme. Na wewe, Fridolin, mpunga uliobaki una mwenyewe." Hakuniita Dokta. Nilipomuaga hakunyanyuka. Jana nimepita stesheni, vijana wananiita "Mzee Panya". Inanistahili, nimewapungia mkono.

Jambo la mwisho, halafu nakuacha. Kabla sijapanda treni kuja, niliwabadilishia panya wa upande wa kulia maranda, wote, nikawawekea makavu. Sikupanga. Mkono ulifanya. Nikaenda kumwambia Dokta mwenyewe. Miezi mitatu ya utafiti wake imeharibika, na ana haki ya kunifukuza, kwa sababu dawa anayoitafuta kuna watu wanaisubiri, pengine nasi tumo. Alinifukuza. Alilia kidogo. Nimeweza kumharibia hata yeye.

Basi niko hapa. Paa linavuja kichwani na miguuni, kama ulivyosema. Uliniandikia kwa mzaha nami nikacheka. Leo nimelowa sina wa kuchekesha. Ningependa kukuambia nitapanda kukuona Jumapili. Siandiki hivyo.

Fridolin


Chita,
14 Juni 1998

Kwako Fridolin,

Barua yako niliiacha juu ya sanduku siku nyingi kabla ya kuisoma. Niliposoma nikairudisha pale pale. Leo ndiyo nimepata nguvu ya kalamu.

Usifikiri nimepona. Asubuhi nyingine naamka nikafagia uwanja wote, nyingine hata kanga naona nzito. Ursula amenipeleka hospitali kwa treni, wamenipa dawa, wamesema itachukua muda. Mama anakuja kila jioni, tunakaa. Haulizi kitu. Jana aliniambia mwaka niliozaliwa alikaa dunguni hajui mwezi ni upi. Hajawahi kumwambia mtu.

Wiki iliyopita Ursula alipika mlenda, chumvi ya kumtosha ng'ombe. Nikamwambia, "Dada, hii hailiki." Akaniangalia, akaweka mwiko chini, akatoka nje. Nikamsikia analia nyuma ya nyumba. Nilidhani nimemkosea. Akarudi na macho mekundu, akasema, "Haya, kesho pika wewe, mtukufu." Nimepika.

Nina la kukuambia na nilisema nikiweza kuandika nitaandika hili kwanza, nimelichelewesha.

Usinitaje tena pamoja na panya. Nimesikia ulivyosema kikaoni, na baba ananitazama kwa huruma tangu siku hiyo, na Mjomba ananiletea ndizi. Wote sasa wananihurumia kama panya. Panya wako, Fridolin, hawakuwa na mdomo. Walishindwa kukuambia. Mimi nilikuandikia. Nilikuandikia dungu linavuja. Nilikuandikia sioni moshi wa mtu. Nilikuandikia niambie siku ya kweli. Nilitumia kalamu, nikalipia stempu siku Fulgensi alipokuwa hayupo, na wewe ulisoma, na ulinijibu. Kwa hiyo usinifananishe na mnyama ambaye ulikuwa hujui anataka nini. Mimi ulijua.

Nilikuwa sijui nina hasira. Nilidhani nimechoka. Sasa ninayo, na inanisaidia kuamka.

Nasikia umevuna, na kwamba mgongo umekufunga. Ursula anasema unatembea kama mzee wa Idete aliyeangukiwa na mnazi, na Idete minazi hakuna. Nilicheka kidogo, nakuambia ili ujue, usijenge nyumba juu yake.

Usipande kuja hapa. Usitume mtu. Usiandike kwamba unakuja wala kwamba hauji. Nikitaka kukuona nitashuka mwenyewe.

Siku sikuambii.

Kandida